Shati la Safari la Karani Nyaberi

Kamati ya kumuaga Karani Nyaberi ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe wawili, na kati ya watu hao wote hakuna aliyejua ukubwa wa shingo ya Karani Nyaberi. Jambo hilo lilimchosha Rodah kuliko chai aliyoichuma tangu alfajiri.

Yeye alikuwa mjumbe tu. Lakini katika mkutano wa kwanza alitenda kosa ambalo mtu mzima hapaswi kulitenda ndani ya kamati: alitoa wazo. Boito nzima ilijua kwamba mtu akihama hupewa blanketi. Mwalimu mkuu alipewa blanketi. Wachungaji wawili walipewa mablanketi. Daktari wa mifugo, ambaye hakuna aliyesikitika alipoondoka, naye alipewa blanketi, tena lenye picha ya simbamarara. Rodah akasimama na kusema kwamba karani anahamia Mulot, kwenye jua na vumbi, akafuge mbuzi na kulima mahindi, na huko blanketi litakuwa la mbuzi. Apewe shati la safari, alisema. Zito, lenye mifuko ya maana, lisiloogopa mwiba, na limkae mwilini kama lililoshonwa kwa ajili yake.

Mwenyekiti Kipngetich alivua kofia, akaivaa tena polepole, kama inavyompasa mwenyekiti.

"Sawa, Mama Vinny," alisema mwishowe. "Wazo ni lako, na shati ni lako. Likimkaa, kamati itakuwa imefanya kazi nzuri. Lisipomkaa, ni wewe."

Wajumbe wakakubali kwa kuinua mikono. Katika historia ya kituo kile cha kununulia chai, hilo ndilo lilikuwa azimio la kwanza kupita bila mtu kupinga.

Rodah hakujuta mara moja. Alijuta alipofika nyumbani. Hata hivyo alikuwa na sababu yake, ambayo hakuiambia kamati. Mwaka ambao mumewe alilazwa hospitalini, Rodah alichuma asubuhi, akaenda kumlisha mgonjwa, akarudi kuchuma tena, na kila mara alifika kituoni lori la kiwanda likiwa limeshawasha injini. Siku hizo Karani Nyaberi angegundua ghafla kwamba mizani ina kasoro. Angeigonga, angeichungulia, angemwita dereva aje aone. Dereva angelalamika. Kisha Rodah angetokeza kwenye kona, ameinama chini ya gunia lake, na papo hapo mizani ingepona. Iliugua hivyo mpaka siku mumewe alipotoka hospitalini akitembea mwenyewe. Rodah na karani hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Sasa karani alikuwa anaondoka, na alichotaka Rodah ni kitu kimoja tu: mtu yule aende Mulot na kitu kinachomkaa.

Taabu ilikuwa kupata vipimo vyake. Zawadi ilikuwa siri, kwa hiyo mwenyewe hangeulizwa. Mkewe, Moureen, alikuwa ametangulia Mulot, na kila mtu alijua kwamba kumwambia Moureen ni sawa na kumwambia Nyaberi, ila kwa sauti ya juu zaidi. Kipngetich alipendekeza wamning'inize karani kwenye mizani wajue uzito wake. Chelangat, mjumbe wa pili na jirani wa Rodah, akamuuliza kama mashati siku hizi huuzwa kwa kilo.

Njia ilifunguliwa na matope. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, lori likachelewa, na wakulima wakakaa kituoni na magunia yao wakisubiri, wengine wakisinzia. Karani Nyaberi naye alilala kwenye benchi, mikono juu ya tumbo, ndani ya koti lake la kijani la kazi, akikoroma kwa heshima. Rodah alimtazama. Akafungua kamba iliyofunga gunia lake, akamsogelea kwa vidole vya miguu.

Alipima kutoka bega hadi bega, akafunga fundo. Akazungusha kamba kifuani polepole, akafunga fundo la pili. Wakulima wote waliacha kupumua. Kuku wa jirani aliyekuwa akipita alifukuzwa kwa ishara za mikono.

"Unampima shati au jeneza?" Chelangat alinong'ona.

"Nyamaza."

"Nauliza tu. Maana kwa upana huu, ni mbao nyingi."

Kwa kweli Nyaberi alikuwa mtu mkubwa. Kifua kilikuwa kama mlango wa ghala, tumbo likitangulia mbele kila alipotembea, shingo ikiwa imezama kwenye kola. Hakuna mkulima aliyethubutu kumbishia majani yake yakimwagwa mezani na kuambiwa ni magumu, kiwanda hakiyataki. Rodah alipunguza kidole kimoja kila upande kwa ajili ya koti, kwa sababu alikuwa mwanamke mwangalifu. Kuhusu kilichokuwa chini ya koti hakufikiri. Boito, ukungu unapolala kwenye majani mpaka saa nne, hakuna anayeuliza mwenzake amevaa nini ndani.

Siku ya soko alishuka Silibwet, kamba ikiwa mfukoni. Alikuwa amechuma mistari yake kwanza, na miguu ilikuwa inamkumbusha hilo. Alizunguka vibanda vya nguo mpaka akamfikia Aluoch, mwanamke mrefu aliyekuwa amekaa juu ya marobota ya mitumba kama malkia aliyekosa kiti bora.

"Unatafuta la nani, mama?"

"La mtu mkubwa."

"Mkubwa wa cheo au wa tumbo?"

"Yote mawili."

Aluoch akachimba ndani ya rundo, akamrushia shati la kahawia lenye vipande vya mabegani kama vya askari. Rodah alilowesha ncha ya kitambaa chake kwa mate, akasugua upindo kwa ndani. Kitambaa kikageuka kahawia.

"Hili litamwaga rangi mvua ya kwanza."

"Si unasema anaenda Mulot? Huko mvua inatoka wapi?"

"Jasho je?"

Aluoch akalikubali kosa la shati, akatoa lingine. Rodah alilishika kwapani, upande huu na upande huu, akavuta. Mshono ulikuwa mmoja tu, tena wa haraka, na ulipoachana mwanga ulipita.

"Naona Bomet yote kupitia hapa," Rodah alisema.

"Mama, wewe unanunua shati au unafungua kesi?"

"Nimechoka, dada. Nikinunua baya nitarudi, na sitaki kurudi."

Maneno hayo yalimgusa Aluoch, au labda alitaka kumwondoa. Alivuta kutoka chini kabisa shati la rangi ya majani makavu. Rodah alijua kwa mkono kabla ya macho. Pamba yenyewe, nzito, iliyofuliwa mara nyingi na kulainika bila kuchoka. Mishono ilikuwa miwili miwili kila mahali. Pembe za mifuko zilikuwa zimeshonewa tena na tena, mahali ambapo mkono huvuta kila siku. Vifungo vilikuwa vimekazwa kwa uzi uliopishana, na mgongoni palikuwa na mkunjo wa kuuachia mwili nafasi. Alilipima kwa kamba. Mafundo yakaangukia mahali pake, karibu kabisa.

Lakini shati lililolala mezani na shati lililovaliwa ni viumbe viwili. Rodah aligeuka huku na huku, akamwona muuza viazi mnene upande wa pili wa njia.

"Wewe, kaka. Njoo uvae hapa."

"Mimi sijaagiza shati."

"Sikuuzii. Nataka mwili wako kidogo."

Soko likageuza vichwa. Muuza viazi, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameuza chochote cha maana, alikuja. Akavaa. Lilimkaa vizuri. Rodah alizunguka nyuma yake.

"Nyoosha mikono mbele. Kama unachuma chai."

"Mimi ni mtu wa viazi."

"Chuma tu."

Akachuma. Alichuma majani mawili na kichipukizi kutoka hewani, akarusha begani kwenye kapu ambalo halikuwapo, akachuma tena. Hii ndiyo sababu mashati ya Boito hufa mapema: kola inakuwa nzima, mgongo unakuwa mzima, lakini mikono inayonyooshwa mbele mchana kutwa hula kwapa na mabega. Rodah aliamini kwamba kazi zote za dunia, hata za mbuzi, hatimaye ni kunyoosha mikono mbele.

"Nichume mpaka lini?" muuza viazi aliuliza.

"Mpaka nione kwapa."

Kwapa halikuonekana. Shati lilinyooka naye, likarudi naye. Wateja watatu waliokuwa wakitazama walimpigia makofi, na wawili kati yao wakanunua viazi. Rodah alilipa kwa pesa za kamati, Aluoch akalikunja shati kwenye gazeti, na Rodah akarudi nyumbani akiwa na furaha ya aina ile ambayo mtu aliyechoka huipata, yaani ya kuweza kukaa chini.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe.

Ijumaa mvua ya mawe iliiangukia Boito alasiri, bila salamu. Ilikuja na upepo, ikapiga mabati ya kituo mpaka watu wakawa wanazungumza kwa mikono. Magunia ya majani yalikuwa nje, na Karani Nyaberi alitoka akayaingiza ndani moja moja, akienda na kurudi, mawe yakimpiga kichwani. Alipomaliza alikuwa ameloa kama samaki. Mvua ilipopungua, wakulima walikimbilia nyumbani kuona chai iliyobaki kwenye vichaka. Rodah alibaki. Upepo ulikuwa umechukua kapu lake, akaenda kulitafuta nyuma ya kituo.

Kwenye waya wa ua, nyuma ya kituo, zilikuwa zimetundikwa sweta. Moja ya kijivu. Moja ya buluu, ya shule fulani. Moja ya kufumwa kwa mkono. Moja nene isiyo na mikono, ya rangi ambayo imeshasahau jina lake. Zote zilikuwa zinachuruzika maji, na waya ulikuwa umelegea kwa uzito. Kando yake, kwenye kreti iliyopinduliwa, alikaa mtu mwembamba aliyevaa fulana, akikamua koti la kijani. Mifupa ya mabega yake ilijitokeza kama ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Rodah alitaka kumuuliza yeye ni nani na koti la karani amelipata wapi. Kisha mtu yule akainua uso, na uso ulikuwa wa Karani Nyaberi.

"Mama Vinny," alisema, kama mwanafunzi aliyekutwa na mwalimu wa zamu mahali pasipotakiwa. "Umekuja kutafuta kapu."

"Nimekuja kutafuta kapu."

"Liko pale."

Kapu lilikuwa pale. Rodah hakulichukua. Alitazama sweta, akamtazama karani, akatazama sweta tena, kama mtu anayejumlisha.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Hapana. Niko hivi. Nimekuwa hivi siku zote."

"Na lile tumbo?"

Nyaberi alionyesha sweta ya kufumwa kwa kidevu.

"Nilipotumwa hapa," alisema, "nilikuja na mwili huu. Wakulima walinisukuma kila siku. Mmoja alinibeba. Kweli, Mama Vinny. Alinibeba mzimamzima, akaniweka kando kama ndoo, akajipimia mwenyewe. Nikafikiri niache kazi. Ikaja ile baridi ya Julai, nikavaa sweta mbili. Asubuhi hiyo watu wakapanga foleni."

"Sweta mbili tu?"

"Mbili. Mtu mmoja akaniita mzee. Basi nikaongeza ya tatu."

"Na ya nne?"

"Ya nne niliongeza baada ya Kipngetich kuwa mwenyekiti. Analeta majani magumu yule."

Rodah alikaa kwenye jiwe. Alijua majani ya Kipngetich. Maji yalidondoka kutoka kwenye sweta.

"Umechoka nazo," Rodah alisema.

"Nimechoka nazo kuliko nilivyochoka na chai. Jua likitoka zinanipika. Siwezi kuvua, siwezi kukuna mgongo, siwezi kumkumbatia mtoto wa mtu akajua nilivyo. Lakini sasa imebaki kesho peke yake. Nikishavuka Bomet ninazitoa, na Mulot sitazivaa tena. Mbuzi hawajali unene wa mtu." Alikamua ukingo wa koti. "Kesho tu, Mama Vinny. Niache niondoke nikiwa mkubwa."

"Mimi sijaona kitu," Rodah alisema.

Alichukua kapu lake na kupanda kilima. Njiani chai ilikuwa imechanwachanwa na mawe, majani yametapakaa chini kana kwamba watu wenye hasira walikuwa wamechuma. Alipaswa kufikiria hasara hiyo. Badala yake alifikiria shati lililokuwa sandukuni mwake.

Aliketi jikoni akaligeuza suala upande mmoja na mwingine, huku moshi ukimwingia machoni. Boito zawadi ya nguo haikabidhiwi mkononi. Mtu huvishwa palepale, mbele ya watu, kwa nyimbo na vigelegele, akapigwa picha. Kesho Nyaberi angerudisha koti la kiwanda, na angebaki na sweta zake. Lile shati kubwa lingepita juu ya sweta zote nne na kumkaa kama muuza viazi. Watu wangeshangilia. Kipngetich angejisifu. Jina la Rodah lingekuwa jina la mtu anayejua kuchagua. Na baada ya hapo karani angevuka Bomet, angevua sweta, na angebaki ndani ya shati lile kama fimbo ndani ya hema. Angechunga mbuzi amelikunja mikono, na kila mwiba wa Mulot ungepata pa kushika.

Na shati dogo? Shati dogo lingemkaa kila siku ya maisha yake, isipokuwa siku moja, nayo ni kesho, mbele ya kila mtu aliyemjua Rodah.

Kumpa kubwa kisha kubadilisha hakungewezekana. Gari la kumpeleka Mulot lingeondoka mara tu baada ya sala. Kuieleza kamati kungekuwa kuvunja neno lake. Rodah alitamani, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba angeliunga mkono blanketi.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla hata Aluoch hajamaliza kutandika nguo zake, Rodah alikuwa amesimama mbele yake na ile karatasi ya gazeti.

"Ulisema hutaki kurudi," Aluoch alisema.

"Nataka kama hili. Lakini dogo."

"Mtu wako si alikuwa mkubwa?"

"Alikuwa."

"Amekonda siku hizi chache tu? Ni ugonjwa gani huo? Hata mimi nautaka."

"Fundi hawezi kulipunguza?"

"La safari?" Aluoch alilikunjua, akalibana kiunoni kuonyesha. "Ukilipunguza mpaka hapo, mifuko itaishia kwapani. Atakuwa anatafuta simu kama mtu anayejikuna. Na mabega utayafanyaje? La safari ni mabega, mama. Bahati yako mtu wako hajalivaa. Likishavaliwa si langu tena."

Walichimba pamoja. Marobota mawili yalifunguliwa. Walipata la kijivu lenye kola iliyoliwa, wakaliacha. Walipata zuri sana ambalo lilikuwa la mwanamke, ukitazama upande vilipokaa vifungo, wakaliacha pia. Jua lilipanda. Magoti ya Rodah yalimwambia mambo ambayo hangeweza kuyarudia mbele ya mchungaji. Hatimaye lilitokea la kijani kibichi kilichofifia, pamba ileile nzito, mishono miwili miwili, mkunjo mgongoni, mfuko mmoja wa kifuani ukiwa na mgawanyo wa kalamu.

Safari hii hapakuwa na fundo la kumwongoza. Rodah alifumba macho, akakumbuka yale mabega nyuma ya kituo, akapata jibu ambalo hakulipenda lakini lilikuwa la kweli: yalikuwa sawa na yake. Akalivaa juu ya gauni lake, akafunga vifungo vyote, akanyoosha mikono mbele.

Muuza viazi alimwona kutoka upande wa pili. "Leo unachuma mwenyewe?"

"Leo nachuma mwenyewe."

Alichuma hewa, akainama, akarusha begani, akainua mikono juu kama mtu anayerekebisha ua. Shati lilimfuata kila aendako bila ugomvi. Lilikuwa shati zuri kuliko lile la kwanza. Rodah akalivua, na mikono ilipotoka ndani yake alihisi jinsi ilivyokuwa mizito.

"Huyu mtu," Aluoch alisema akilikunja, "ni ndugu yako?"

"Ni karani wa chai."

Aluoch alitikisa kichwa. Kwao, alisema, makarani hawanunuliwi hata soksi.

Sherehe ilianza kwa kuchelewa, kama ilivyopangwa. Maboma yote yalikuwa yamekuja. Kulikuwa na maziwa ya kuganda ya mursik kwenye vibuyu, na mchele, na Kipngetich, ambaye alizungumza tangu vibuyu vikiwa vimejaa mpaka vilipokuwa vyepesi. Alisema karani alikuwa mtu mwenye uzito katika jamii. Alisema ni mtu ambaye pengo lake litaonekana hata kwa mbali. Karani Nyaberi alikaa mbele, amenyooka, akiwa ndani ya sweta zake zilizokaushwa kwa moshi usiku kucha. Alirudisha koti la kijani, likapokewa kwa makofi. Jasho lilikuwa linamshuka kwenye masikio.

"Sasa," Kipngetich alisema, "kamati yangu, baada ya mikutano mingi, iliamua kuachana na mambo ya blanketi. Tuliwaza mbali. Mama Vinny, lete."

Rodah alileta. Vigelegele vikapigwa. Kipngetich alilishika shati juu watu walione, akamwendea karani, akamwingiza mkono wa kulia.

Mkono uliingia mpaka kiwiko ukakwama. Kipngetich alivuta. Katibu akaja kusaidia upande wa kushoto, wakavuta wote wawili, karani katikati yao kama mtu anayegombewa. Wimbo ulififia. Shati lilifika nusu ya mgongo likakataa, na mishono, ambayo Rodah aliijaribu kwa mikono yake, haikuachia hata uzi mmoja.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Chelangat.

"Mama Vinny, hili ulimnunulia Vinny?"

Hapo watu wote wakaanguka. Wazee walifuta macho. Wanawake walishikana mabega. Mtu alisema karani avae lile shati kama kofia. Kipngetich hakucheka, kwa sababu mwenyekiti hacheki. Aligeuka polepole akamtazama Rodah.

"Mjumbe," alisema. "Si tulikupa muda? Si ulimpima wewe mwenyewe?"

Rodah alisimama. Miguu ilikuwa inauma tangu Silibwet. Alikuwa na jibu moja ambalo lingewanyamazisha wote, na jibu hilo lilikuwa limekaa mbele yake, limevaa sweta nne, na lilikuwa limeacha kupumua.

"Nilikosea," alisema. "Nilikuwa nimechoka. Nimechukua dogo."

"Dogo? Hili ni la mtu wa mashindano ya mbio."

"Nimesema nilikosea, Mwenyekiti."

Nyaberi alikuwa amelitoa shati, amelishika mapajani. Aliligeuza ndani nje. Alipitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega, taratibu, kama alivyokuwa akipitisha kwenye jani kabla ya kulipokea. Akafungua mfuko, akaufunga. Alipoinua kichwa, alimtazama Rodah kidogo tu, kisha akawatazama watu.

"Nitalivaa hivyo hivyo," alisema kwa sauti yake ya kituoni. "Jua la Mulot litanipunguza."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha upendo, na mchungaji akakitumia kuanza sala kabla Kipngetich hajasimama tena.

Gari lilipokuwa linapakiwa, watu walipanga mstari kumpa karani mkono. Rodah alikuwa karibu wa mwisho. Mkono wa karani ulikuwa na joto kali, kama mtu mwenye homa.

"Mikono inafika?" Nyaberi aliuliza chini chini.

"Inafika. Nimelivaa mwenyewe. Nyoosha utakavyo."

"Watakucheka, Mama Vinny."

"Wameshaanza. Panda gari, utayeyuka hapa."

Akapanda. Gari liliteremka kuelekea Bomet, na kichwa chake kilionekana dirishani mpaka kona ya kwanza. Rodah hakubaki kula. Alikwenda nyumbani akalala mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu amzae Vinny.

Kamati ilikutana mara ya mwisho Jumapili baada ya ibada, ikaazimia kwamba kuanzia sasa anayehama apewe blanketi, na kwamba Mama Vinny apumzishwe kazi ya kuchagua. Azimio lilipita bila mtu kupinga. Rodah mwenyewe aliinua mkono.

Jumatatu alikuwa shambani mapema, kwenye mistari michache ambayo mawe yaliiacha. Ukungu ulikuwa bado umelala. Chelangat alichuma mstari wa pili, na kwa muda yakasikika majani tu yakikatika. Mara kwa mara Chelangat alikuwa akicheka peke yake, ndani kwa ndani, akijizuia.

"Sema tu," Rodah alisema.

"Si kwa ubaya. Lakini kweli, Rodah. Mtu umemwona kila siku kwa miaka yote hii. Umemzungushia kamba mbele ya macho yangu. Lile tumbo lote." Chelangat alionyesha kwa mikono miwili, kapu likayumba mgongoni mwake. "Hukuliona?"

Rodah alinyoosha mikono, akachuma, akatupa nyuma.

"Sikuliona," alisema.

Chelangat alicheka mpaka akakosea akachuma jani gumu. Rodah aliliokota kutoka kwenye kapu la mwenzake, akalitupa chini, wakaendelea na mstari.